Hiyo rekodi ya "laivu" ni laivu kweli? Ogani, hapsikodi na piano

Kuna msomaji kaniandikia swali refu, nalifupisha. Anasikiliza muziki wa klasiki wa vinanda kwa simu na hedfoni, akakutana na kazi za Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, zimepigwa na watu tofauti, moja kwa ogani (kinanda cha mabomba), moja kwa hapsikodi (kinanda cha zamani cha nyuzi za kukwanyuliwa), moja kwa piano, zote zimeandikwa ni laivu, na kila moja inamchanganya kivyake. Ya ogani inasikika kama inatoka ndani ya kisima. Ya hapsikodi inamkwaruza masikio na anahisi kinanda chenyewe hakikutuniwa. Ya piano ina watu wanakohoa mwanzo mwisho, mpigaji kakosea noti wazi kabisa, na bado anasikia watu wanaisifia kuliko ya studio. Anauliza laivu ni laivu kweli au ni neno la kuuzia tu, na asikilize nini ili ajue hii nzuri hii mbovu. Mwishoni kaongeza kaswali kadogo, kama kuna ubaya akiruka makofi.

Haya. Mi nimerekodi vinanda vya aina zote hizi tatu kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa yule jamaa anayekaa pembeni ya mpigaji anamfunulia kurasa, kwa hiyo makosa ya jukwaani nimeyaona kwa karibu mno. Jibu langu ni refu na nalitanguliza lile la msingi ili tusipotezane huko mbele: kwenye rekodi ya laivu unasikia chumba kwanza, mpigaji anafuata. Ukikijua chumba, karibu kila kitu kinachokuchanganya kinapata maelezo.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Laivu kwenye kasha la sidii maana yake kulikuwa na watu ukumbini wakati maiki zimewashwa, basi. Haina maana kwamba unachosikia kilipigwa mara moja na hakijaguswa. Mara nyingi inakwenda hivi, mpigaji anapiga programu ileile, yaani orodha ileile ya kazi, siku mbili tatu, zote zinarekodiwa, mazoezi ya mchana nayo yanarekodiwa, halafu usiku watu wakishatawanyika anarudi kwenye kiti amechoka hoi anarudia zile sehemu zilizoharibika, mstari mmoja hapa, mistari miwili pale, na baadaye kuna mtu anakaa na kompyuta anashona. Ndo maana ukigeuza kasha ukasoma maandishi madogo unakuta tarehe tatu au nne. Hiyo sio tamasha moja, ni matamasha matatu yamevalishwa shati moja.

Na sio jambo la juzi. Mpiga piano Vladimir Horowitz alikaa miaka 12 hajapanda jukwaani, akarudi tarehe 9 Mei 1965 pale Carnegie Hall, New York, watu walikesha nje kusubiri tiketi. Kafungua na toccata (kazi ya kinanda ya kuonyesha vidole) ya ogani ya Bach ambayo mtunzi Busoni aliigeuza iwe ya piano, na hapo hapo mwanzoni kachafua noti. Sahani iliyouzwa baada ya pale ilirekebishwa sehemu kadhaa, watu wakaisikiliza miaka na miaka wakijua hiyo ndo siku yenyewe, mpaka 2003 ikatoka ile ambayo haijaguswa. Mi nikiambiwa nichague nachukua ya 2003 bila kufikiria mara mbili. Makosa hayana utamu wowote jamani, ila pale unamsikia mtu mwenye woga, halafu taratibu woga unamtoka, na hicho kitu kikishonwa kinapotea chote, kwa sababu ukishaondoa ile noti mbaya ya mwanzo umeondoa pia sababu ya kila alichofanya dakika tano zinazofuata.

Sasa utajuaje kama imeshonwa? Hapa ndo chumba kinakuja kukusaidia. Mwili wa mtu na nguo zake unanyonya sauti, ukumbi wenye watu mia nne na ukumbi huohuo ukiwa mtupu ni vyumba viwili tofauti, mtupu una mwangwi mrefu zaidi na unang'aa zaidi juu. Kwa hiyo kile kipande kilichorudiwa usiku wa manane watu wakiwa wameshalala kwao kina hewa nyingine. Weka hedfoni, usifuate wimbo, fuata ile shhh ya nyuma, pumzi ya ukumbi, viti, viyoyozi, watu wanavyojigeuza. Ukisikia shhh imekatika ghafla kwa sekunde nane kisha ikarudi, hapo pameshonwa. Mafundi wazuri wanajua hii na wanarekodi dakika kadhaa za ukumbi wenye watu waliokaa kimya ili waje wazitandaze juu ya kiraka, mi mwenyewe nimefanya hivo, sijivunii na wala sijuti, mpigaji alikuwa na homa siku ile.

Tuje kwenye ogani yako ya kisimani.

Ogani haina sauti yake peke yake, ina sauti ya jengo. Bomba linapuliza, lakini kinachokufikia ni bomba pamoja na mawe, dari, na nguzo. Ukumbi wa kawaida wa muziki sauti inabaki hewani kama sekunde 2 baada ya noti kuachiwa, kanisa kuu la mawe ni sekunde 6, 7, 8, mengine zaidi. Fikiria sasa mtu anapiga noti nane kwa sekunde moja ndani ya jengo ambalo kila noti inakaa sekunde saba. Ukiweka maiki nyuma kabisa karibu na mlango unapata uji. Ukiziweka karibu sana na mabomba unapata kila noti safi kabisa ila unapata pia kelele za mbao, zile fito zinazounganisha vibao na mabomba kwenye ogani za zamani zinagongana kak kak kak, na unapoteza ule ukubwa. Siku moja niling'ang'ania kuweka maiki karibu kwenye kanisa fulani, nikarudi nyumbani nasikiliza, fuga nzima (muziki ambao sauti kadhaa zinafukuzana na wimbo mmoja) inasikika kama fundi seremala yuko kazini na muziki unapigwa chumba cha jirani.

Kwa hiyo kisima unachokisikia inawezekana ni maiki zimekaa mbali mno, lakini mara nyingi ni simu yako. Mabomba makubwa ya ogani ya futi 32 yana urefu wa karibu mita 10 na yanatoa mtikisiko wa mara 16 hivi kwa sekunde, hiyo ni chini kuliko noti yoyote ya piano ya kawaida, unaisikia zaidi kwa kifua kuliko kwa sikio. Kispika cha simu hakifiki hata karibu na huko. Kinachobaki ni sauti za juu na mwangwi, yaani nyumba haina msingi, lazima ionekane inaelea. Tafuta hedfoni zinazoziba sikio au spika zenye besi ya kweli kabla hujaihukumu rekodi yoyote ya ogani, hii naisema kwa msisitizo.

Halafu sikiliza mpigaji anafanyaje na huo mwangwi, hapo ndo ufundi ulipo. Chukua ile Toccata na Fuga ya D minor ambayo kila mtu anaijua hata asiyejua jina lake (wataalamu bado wanabishana kama ni ya Bach kweli, tuwaachie wenyewe). Inaanza na kauli fupi halafu kimya, kauli nyingine kimya. Kile kimya sio kitupu, ndo zamu ya jengo kuongea. Mpigaji mzuri kwenye jengo kubwa anasubiri mpaka jengo limalize, kwenye jengo kavu anasubiri kidogo tu. Ukikuta mtu anasubiri kidogo ndani ya kanisa kubwa mpaka sauti zinapandana, huyo kaja na kasi yake kutoka kwenye chumba cha mazoezi hajalisikiliza jengo. Kuna rekodi ya mwaka 1932 ya Widor mwenyewe, Mfaransa aliyekaa kwenye ogani ya Saint-Sulpice pale Paris kuanzia 1870 mpaka 1933, anapiga ile toccata yake maarufu inayopigwa sana kwenye harusi. Ana miaka 88. Anaenda taratibu kuliko karibu vijana wote wa leo wanavyoikimbiza. Utasema uzee, na uzee upo ndio, lakini miaka yote hiyo ndani ya jengo moja unajua noti inachukua muda gani kwenda mpaka ukuta wa mwisho na kurudi. Sio rekodi ya tamasha lenye watu ile, naitaja kwa sababu ya jengo.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye ogani kinapatikana kwa laivu tu: kutunga papo hapo. Wafaransa wana huo utamaduni mpaka leo, mpiga ogani anapewa wimbo au anauchukua kwenye ibada anaujenga hapohapo bila karatasi. Pierre Cochereau alikuwa mpiga ogani wa Notre-Dame ya Paris kuanzia 1955 mpaka alipofariki 1984, na vingi tunavyovipenda vyake vilirekodiwa kwenye ibada vikiwa vinazaliwa. Rekodi isingekuwepo muziki wenyewe usingekuwepo. Ogani ileile ilipona kwenye moto wa tarehe 15 Aprili 2019, haikuungua ila ilijaa vumbi la risasi (yale madini) kutoka kwenye paa, ikabidi ifunguliwe na kusafishwa bomba kwa bomba, na mabomba yako kama 8,000. Kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024 ikapigwa. Wanaozisikiliza rekodi za kabla na za baada wana kazi tamu mbele yao, maana jengo nalo limesafishwa, na mawe safi sio mawe yenye masizi.

Na ukisikia ogani ya laivu inaanza sawa halafu mwisho wa programu baadhi ya sauti zinapishana kidogo, usiishangae. Joto likipanda sauti inasafiri haraka na bomba la kawaida linapanda toni, kama asilimia 3 ya nusu toni kwa kila digrii moja. Watu mia tano wakikaa saa mbili kanisani joto linapanda tu. Ila kuna mabomba mengine yenye ulimi wa shaba ndani, yale yanayolia kama tarumbeta, hayo ulimi ndo unaamua toni kwa hiyo hayapandi kama wenzao. Wakikutana mwisho wa programu wanagombana. Fundi wa ogani anajua, mtangazaji hajui.

Hapsikodi sasa, na hapa nitakaa maana ndo inayoonewa kuliko zote.

Wanaofikiri hapsikodi ni piano ya zamani wanakosea. Piano inagonga uzi kwa nyundo, hapsikodi inakwanyua uzi kwa kijiti kidogo, zamani unyoya wa ndege, leo mara nyingi plastiki, kwa hiyo kiundani ni ndugu na gitaa zaidi kuliko na piano. Ubonyeze kwa nguvu ubonyeze kwa upole, sauti karibu ni ileile. Na ni ndogo. Ukikaa mstari wa ishirini ukumbini inakufikia kama mtu anahesabu sarafu chumba cha pili, na masikio yako ndani ya dakika tatu yanazoea yanashuka kwenda kuikuta. Rekodi haishuki. Fundi anaweka maiki karibu kwa sababu hana namna, akizirudisha nyuma anapata watu wakipumua kuliko nyuzi, halafu kwenye kompyuta anapandisha sauti ili isikike sawa na piano, halafu wewe nawe kwenye simu unapandisha tena. Lazima ikwaruze! Unasikiliza kitu cha kunong'ona kikiwa kimekuzwa mara kadhaa mpaka unasikia kile kijiti kikirudi chini tk tk kila kibao kinapoachiwa. Dawa ni rahisi mpaka inakera: punguza sauti. Weka chini kuliko unavyoona inafaa, subiri dakika tatu, sikio litashuka lenyewe. Nimewafanyia hivi watu wengi walioapa hawaipendi hapsikodi na nusu yao wamebadilika. Nusu nyingine bado hawaipendi, na wana haki yao.

Kuhusu kutuniwa. Kwanza, wapigaji wengi wa muziki wa zamani wanatuni ile noti ya A kwenye mtikisiko wa mara 415 kwa sekunde badala ya 440 tuliyoizoea, hiyo ni karibu nusu toni nzima chini. Ukitoka kusikiliza piano ukaingia hapo unaona kama sahani inazunguka polepole. Ni makusudi. Pili, hawagawanyi toni sawasawa kama piano ya leo, kuna mizania ya zamani, yaani namna ya kutuni, ambayo inafanya funguo fulani za muziki ziwe tamu sana na nyingine ziwe na uchachu, na watunzi waliutumia huo uchachu kama wewe unavyotumia ndimu. Tatu, na hii ndo ya laivu hasa, kinaweza kweli kikatoka kwenye tuni. Hapsikodi ni mbao nyembamba isiyo na fremu ya chuma ndani, piano kubwa ya leo ina fremu ya chuma inayobeba mvuto wa nyuzi unaokaribia tani 20, hapsikodi hamna. Taa za jukwaani zikiwashwa nyuzi zinapata joto zinalegea, watu wakiingia na unyevu wao mbao inavimba. Siku moja mpigaji alituni saa kumi na mbili jioni ikawa safi kama maji, mtu wa taa akaja kuongeza taa mbili za kumulika kinanda "ili kionekane vizuri", kufika katikati ya kipindi cha kwanza oktavu za juu zote zimeshuka. Mpigaji alikuwa anakwepa. Nilikuwa namwona, mwanamama mzima mwenye heshima zake, anafupisha noti ndefu za juu ili zisikae hewani watu wakazisikia. Kwenye rekodi inasikika kama uamuzi wa kisanii, na kuna msikilizaji mmoja aliandika kuusifia.

Ndo maana wapigaji wa hapsikodi mapumziko hawapumziki, wanarudi jukwaani na ufunguo wa kutunia. Ukisikia kipindi cha pili kinang'aa kuliko cha kwanza, umesikia matunda ya dakika kumi na tano hizo.

Na kama nguvu ya kidole haibadilishi sauti, mpigaji anasema nini na kitu gani? Kwa muda. Anachelewesha noti kidogo tu ili uingoje, anazimwaga noti za pamoja moja baada ya nyingine haraka badala ya kuzipiga kwa pigo moja, anaachia kibao mapema au anakishikilia. Hapsikodi nzuri ya laivu inasikika kama mtu anayeongea, inapumua. Ikisikika kama cherehani, badilisha rekodi. Kwa hapsikodi mbele ya watu mtafute mpigaji Mahan Esfahani kwenye ile aliyorekodiwa laivu Wigmore Hall, London, watunzi Byrd na Bach na Ligeti mle ndani, ukumbi mdogo wa viti kama 550, saizi hasa ya kinanda hiki. Halafu linganisha na Scott Ross, yule aliyerekodi kwa hapsikodi sonata zote 555 (vipande vya kinanda) za mtunzi Domenico Scarlatti miaka ya 1984 na 1985 kwa ajili ya redio ya Ufaransa, hizo hazina watu, na uone mwenyewe kama unawakosa hao watu. Mi kwenye Scarlatti siwakosi, nakiri.

Piano umeielewa tayari kuliko unavyodhani, maana swali lako lote la piano ni moja tu: kwa nini watu wanapenda yenye makosa.

Nikupe tarehe 25 Februari 1958, mji wa Sofia, Bulgaria. Mpiga piano Sviatoslav Richter anapiga Picha za Maonyesho za mtunzi Mussorgsky. Ni Februari, watu wana mafua, wanakohoa utafikiri wamelipwa. Rekodi ni mono, piano sio nzuri sana, na Richter anakosea noti kadhaa wazi hata sikio changa linasikia. Na bado ni moja ya rekodi za piano zinazotajwa zaidi duniani. Nenda moja kwa moja kwenye kipande cha mwisho, kile cha Lango Kuu. Unasikia mtu ambaye hakujiwekea akiba, anaingia na uzito ambao studio asingethubutu kwa sababu studio unajua kuna kurudia, na ukijua kuna kurudia mwili wako wenyewe unabana kidogo bila kukuuliza. Hapo hakukuwa na kurudia, kwa hiyo alicheza yote. Makosa yako mle kama vumbi kwenye kiatu cha mtu aliyefika.

Vikohozi vilevile vikusaidie badala ya kukukera. Wasikilize wanakohoa lini. Wakati wa kipande cha kelele wanakohoa kwa uhuru, kinapofika kipande cha polepole kabisa ukakuta ukumbi mzima umenyamaza ghafla, mia kadhaa ya watu wenye mafua wameshikilia pumzi, hapo hapo ndo mpigaji amewashika. Hicho kipimo hakuna studio inayokupa.

Dinu Lipatti, mpiga piano wa Romania, ni habari nyingine na siwezi kuiandika haraka. Tarehe 16 Septemba 1950, Besançon, Ufaransa. Alikuwa anaumwa kansa, ana miaka 33. Kabla hajaanza Partita ya kwanza ya Bach (mfululizo wa ngoma fupi) unamsikia anapitisha vidole kwenye vibao, noti chache za kupanda na kushuka, desturi ya zamani ya kuonja kinanda na kuwatuliza watu, na leo wahariri wengi wangeikata wakaiona takataka. Usiikate. Programu ilikuwa iishe kwa waltzi 14 za Chopin, akapiga 13, ya mwisho nguvu zikakataa. Alifariki tarehe 2 Desemba mwaka huohuo. Sasa ukiisikiliza Partita ile huwezi kusikia ugonjwa hata kidogo, nimeitafuta dalili kwa miaka, haipo, vidole vimetulia. Unachokisikia ni kwenye waltzi, kasi inakwenda mbele kidogo kidogo kama mtu anayejua duka linafungwa.

Upande wa pili wa mizani yuko mpiga piano Glenn Gould, aliyeacha kabisa kupiga mbele ya watu mwaka 1964 akiwa na miaka 31 tu, akasema mahali pa kazi ni studio. Na hakuwa anaficha udhaifu, vidole vyake hakuna aliyevitilia shaka. Aliwahi kueleza wazi namna fuga moja ya A minor ilivyounganishwa kutoka jaribio la 6 na jaribio la 8, moja zito moja jepesi, kila moja peke yake lilichosha, yakapachikwa yakawa fuga iliyo bora kuliko zote mbili. Hoja nzito hiyo, siwezi kuipuuza. Lakini ana rekodi za Goldberg Variations ya Bach, za studio za 1955 na 1981, na ipo ya laivu ya Salzburg, Agosti 1959. Chukua ya 1955 na ya Salzburg uzisikilize siku moja, mtu yuleyule, kazi ileile, miaka minne katikati. Mi Salzburg naiona ina joto zaidi, inacheka zaidi. Gould mwenyewe nadhani angenikatalia.

Kinyume chake kabisa kuna mpiga piano Grigory Sokolov, huyu siku hizi studio hataki hata kuisikia, kinachotoka ni matamasha yake tu, kama lile la Salzburg la 2008 lililotoka 2015. Ukitaka piano ya laivu iliyorekodiwa kisasa, safi, na bado hujui atafanya nini sekunde inayofuata, anzia hapo.

Umeniuliza pia usikilize nini kwenye rekodi ya piano kiufundi. Kifupi: kama mkono wa kushoto unatoka sikio la kushoto kabisa na wa kulia kulia kabisa, maiki zimeingizwa ndani ya kinanda na umekaa chini ya kifuniko, hakuna binadamu anayesikilizia piano kule. Piano kubwa ya tamasha ya Steinway ni sentimita 274, ukikaa ukumbini inatoka sehemu moja mbele yako, na ukumbi unaizunguka. Rekodi ikikupa hivyo, fundi alikuwa na adabu.

Kwa kuanzia, mimi ningefanya hivi: tafuta video za mradi wa All of Bach wa Chama cha Bach cha Uholanzi, ni bure, ogani na hapsikodi zimejaa mle, sio zote zina watu lakini unakiona chumba kwa macho wakati unakisikia, na ndani ya wiki moja utakuwa unafumba macho unajua hili ni kanisa la mawe au ni sebule yenye zulia. Baada ya hapo rudi kwenye zile rekodi tatu zilizokuchanganya.

Makofi, usiyaruke. Au ruka makofi yenyewe ukitaka, hayana kitu, ila usiruke zile sekunde kabla yake. Kwenye piano noti ya mwisho inazima, kuna mtu anayetaka aonekane anaijua kazi anapiga makofi kabla pedali haijaachiwa, wengine wanamfuata kwa shingo upande. Kwenye hapsikodi watu huwa hawana uhakika kama imeisha. Kwenye ogani mpigaji anainua mikono na miguu, jengo linaendelea peke yake, mi huwa nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, na rekodi yangu ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya nilifika saba ndo mtu wa kwanza akapiga kofi moja, akanyamaza, akasubiri wenzake.